Elfu Moja Bado Haijatimia

Labda katika dunia nzima hakukuwa na baba mwingine aliyekuwa akiomba gari jipya la bintiye lisitembee. Fundi Spana aliomba hivyo kila asubuhi, akiwa amesimama dirishani na kikombe cha chai mkononi, akilitazama linavyotoka getini kwenda kuongeza kilomita.

Msidhani alikuwa na kinyongo nalo. Siku lilipoingia uani alilizunguka mara tatu, akafungua boneti, akanusa injini, akafunga boneti kwa upole, kisha akamwita Mwalimu, jirani yao mstaafu, apite upande wa pili wa ua aje aone. Binti yake alikuwa muuguzi. Kwa miaka tisa alikuwa akienda kwenye zahanati ya ng'ambo ya kilima kwa kuomba lifti, boksi la chanjo likiwa mapajani, na sasa alikuwa na gari lake ambalo plastiki za viti zilikuwa bado hazijatolewa. Kwa furaha ile mtoto alishindwa kujizuia. Mbele ya mama yake na mbele ya Mwalimu alisema, "Baba, oili ya kwanza ni yako. Hakuna mkono mwingine utakaoligusa kabla ya mkono wako."

Wote wakapiga makofi. Fundi Spana naye akapiga, kisha akaificha mikono mifukoni.

Kwa miaka arobaini alikuwa amelala chini ya magari ya watu, na kwa miaka yote hiyo alikuwa na msimamo mmoja ambao hakuwahi kuulegeza. Gari jipya, alisema, oili ya kwanza inamwagwa likitimiza kilomita elfu moja. Si elfu mbili, si mia tisa. Injini ikiwa mpya vyuma vyake havijazoeana bado, vinasuguana, vinatoa unga wa chuma, na unga ule unaogelea ndani ya oili. Ukiuacha humo utakula injini kabla hujamaliza kuringa barabarani. Aliyahubiri haya mpaka yakachorwa kwa rangi nyekundu kwenye ubao uliokuwa mlangoni mwa gereji yake. Alipofunga gereji miaka miwili iliyopita, mkewe aliuchukua ule ubao akautundika ukutani jikoni, kwa mapenzi tu. Kwa hiyo kila alipokaa kunywa chai Fundi Spana alikuwa akisoma maneno yake mwenyewe: GARI JIPYA, OILI YA KWANZA, KM 1000.

Watu wote waliambiwa kwamba gereji ilifungwa kwa sababu ya mgongo. Mgongo wake ulikuwa mzima kabisa. Vidole ndivyo vilivyokuwa vimekufa.

Alikuwa na sukari kwa miaka minane, na sukari ilianza kwa kumchezea vidole vya miguu, ikapanda mikononi, taratibu, bila maumivu, mpaka siku moja aliokota nati sakafuni akagundua kwamba anaiona lakini haisikii. Mtu mwingine angeweza kuishi hivyo. Fundi hawezi. Boliti ya kumwagia oili iko chini ya injini, na wewe uko chali, mkono umepita pembeni, na kinachokuongoza ni vidole. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha vijana wote waliopita mikononi mwake kwamba boliti inarudishwa kwa vidole kwanza, mizunguko mitatu, spana ikiwa bado chini. Ikiingia kombo vidole vitakuambia. Ukianza na spana, spana haitakuambia kitu, itakata meno ya boliti na wewe utadhani umekaza.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwa pikapu ya muuza maziwa. Fundi Spana aliirudisha boliti kwa vidole, vidole vikanyamaza, akauchukua ule ukimya kuwa ndiyo, akakaza. Siku nne baadaye boliti ilidondoka barabarani, oili ikamwagika yote, injini ikajifunga katikati ya mteremko. Muuza maziwa hakuumia. Alikuja gereji kwa miguu, akasalimia kwa heshima, akasema siku hizi boliti bandia zimejaa mjini, fundi usijali. Ile heshima ndiyo iliyommaliza. Angetukanwa angejibu. Alinyamaza, na wiki ileile akafunga gereji, akaanza kujishika kiuno mbele za watu.

Kwa hiyo sasa mnaelewa kwa nini gari la binti yake halikutakiwa kutimiza elfu moja.

Wiki ya kwanza aliuliza kwa sauti kubwa ili mkewe asikie. "Mwanangu, tumefika wapi?"

"Mia mbili na kitu, Baba," binti akajibu.

"Bado," akasema Fundi Spana, na roho ikatulia.

Wiki ya nne ilikuwa mia nne. Wiki ya sita, mia tano na hamsini. Na hapo ndipo hesabu ilipoanza kumkera, maana Fundi Spana shule aliiacha mapema lakini barabara aliijua. Zahanati ilikuwa kilomita ishirini na tatu kwenda na ishirini na tatu kurudi, siku tano kwa wiki. Mtu yeyote mwenye vidole kumi, hai au vilivyokufa, angeweza kuzijumlisha. Gari lilikuwa limepita elfu moja kabla mwezi wa pili haujaanza vizuri. Zaidi ya hapo, binti alikuwa ameanza kuifunika dashibodi kwa kipande cha kitenge kila alipoegesha. Alisema jua linaiharibu. Gari lenyewe liliegeshwa kivulini.

Mtoto alikuwa anadanganya. Fundi Spana aliupokea uongo ule kwa mikono miwili, akashukuru, akalala usingizi. Halafu asubuhi moja akashtuka. Kwa nini anadanganya? Mtu aliyeapa mbele ya jirani kwamba oili ni ya baba yake, anaficha kilomita za nini? Jibu alilolipata lilimchoma. Mtoto ni muuguzi, anaona mikono ya watu kutwa. Amejua. Amejua na ananionea huruma, anasubiri nijichokee mwenyewe niache kuuliza.

Tangu siku hiyo furaha ya kusikia "bado" ilikuja na uchungu wake.

Na Mwalimu hakumsaidia. Mwalimu alikuwa mtu mwema, ila hakuwa na kazi, na mtu mwema asiye na kazi anachosha. Kila asubuhi alichungulia juu ya ua. "Fundi! Elfu imetimia?"

"Bado."

"Hilo gari linasukumwa au linaendeshwa? Maana mpwa wangu ananiambia magari ya siku hizi ni elfu kumi. Elfu kumi, Fundi! Vyuma vinachongwa na kompyuta, havitoi unga."

"Mpwa wako anauza simu," Fundi Spana alifoka. "Siku akilala chini ya gari aje tuongee. Elfu kumi! Anataka mtoto wangu aue injini?"

Alimkaanga Mwalimu robo saa nzima bila mafuta. Kisha alipohakikisha kwamba hakuna anayemwona, alitembea upesi mpaka kwenye gari, akafungua mlango, akatoa kitabu cha gari kwenye droo ya mbele, na kukifungua, akiomba kwa dhati kabisa kwamba mpwa wa Mwalimu awe amesema kweli.

Kilomita za dashibodi hakuziona. Magari haya bila ufunguo hayakuambii kitu. Lakini kitabu kilisema waziwazi. Oili ya kwanza: kilomita elfu kumi au mwaka mmoja, kinachotangulia. Nusura abusu ukurasa. Aliendelea kusoma, miwani puani, kidole kikifuata mstari. Chini kabisa kulikuwa na maandishi madogo, ya wale wanaoandika wasitake kusomwa: gari likitumika kwenye vumbi jingi, au safari fupi fupi, au njia za milima, usisubiri hizo zote, gawa kwa mbili. Vumbi la zahanati ile alilijua. Lilikuwa likirudi nyumbani ndani ya nywele za binti yake. Na ukurasa uliofuata ulikuwa na vijumba vitupu vya mihuri, na onyo kwamba matengenezo yakifanyika nje ya karakana ya wakala, waranti imekufa.

Fundi Spana alikaa kwenye kiti cha abiria akikitazama kijumba cha kwanza cha muhuri. Njia ya kujiokoa ilikuwa imefunguka mbele yake. Angeweza kuingia ndani sasa hivi na kusema, kitabu kimesema, twende kwa wakala. Lakini ingekuwaje? Atamwambia nini mkewe, aliyetundika ubao? Atamtazamaje Mwalimu, aliyetoka kumfokea sasa hivi? Miaka arobaini ya maneno ingemezwa kwa mkupuo mmoja, na bado wangeuliza kwa nini. Alikirudisha kitabu kwenye droo, akaufunga mlango taratibu. Alikuwa mkaidi, na mimi sitamtetea.

Aliyemaliza mambo ni mkewe. Wiki ya kumi, siku ya Alhamisi, alirudi kutoka dukani akiwa na mfuko mzito, akautua mezani kwa kishindo. Ndani kulikuwa na dumu la oili na filta mpya kwenye boksi lake.

"Nimechoka na hiyo bado, bado," alisema. "Nimewatajia gari, wamenipa oili yake. Jumamosi baba na mwana mtashuka chini ya gari, mmalize. Mia nane, elfu, kuna tofauti gani? Mwaka wa pili huu mume wangu hajashika spana, anazunguka nyumba akijishika kiuno. Nataka nimwone anafanya kazi yake."

Binti alikuwa ameshika sahani. Fundi Spana aliona uso wake ukipoteza rangi, naye alihisi wa kwake ukifanya hivyohivyo.

"Asante, Mama," binti akasema.

"Asante, mke wangu," Fundi Spana akasema. Wakatazamana, wakatabasamu, kila mmoja akijitia hamnazo.

Jumamosi jua lilitoka mapema kwa makusudi. Gari lilinyanyuliwa kwa jeki, likaegemezwa juu ya viegemeo vya chuma, karai likasukumwa chini. Mama alikuwa kibarazani na kitambaa kipya kichwani. Mwalimu alileta kiti chake mwenyewe. Binti alichuchumaa kando ya gurudumu na tochi ya kumulikia chini, na Fundi Spana akalala juu ya boksi lililokunjuliwa, akajivuta ndani.

Harufu ilikuwa ileile. Hilo hakulitegemea. Chuma, mpira, vumbi la moto; kwa dakika moja alifurahi kwelikweli, akasahau. Kisha akanyoosha mkono akaigusa boliti. Aliiona, safi, inang'aa, kichwa chake hakijawahi kuumwa na spana yoyote. Akaizungusha ncha za vidole juu yake. Hakusikia kitu. Angeweza kuwa anagusa hewa.

Alipachika spana. Kuifungua hakukumtisha, kufungua anaweza hata mtoto. Kilichomtisha kilikuwa nusu saa ijayo, wakati oili ya zamani imeisha kudondoka na boliti inatakiwa irudi kwao. Ataiweka, vidole vitanyamaza, na atakuwa hana njia ya kujua. Jumatatu binti yake atapanda kilima. Jumanne atapanda. Siku ya nne itakuwa Alhamisi, siku ya chanjo, na kule upande wa pili kuna mteremko mkali kuliko ule wa muuza maziwa.

Aliutoa mkono. Akaiweka spana kifuani.

"Baba?" binti aliuliza. "Imegoma?"

"Haijagoma." Alikuwa akizungumza na tumbo la gari, na hilo lilimsaidia, hakuna aliyeuona uso wake. "Mimi ndiye niliyegoma. Siifungui."

Kibarazani kikombe kilitua kwenye sahani.

"Mgongo wangu hauna kitu," akaendelea, upesi, kabla moyo haujageuka. "Haujawahi kuwa na kitu. Ni vidole. Vimekufa, mwanangu, miaka miwili sasa. Pikapu ya yule muuza maziwa ni mimi niliyeiharibu. Niliirudisha boliti kombo, sikusikia. Angekufa yule. Nilikaa kimya, nikamwacha alaumu boliti. Sasa nikiifungua hii sitajua kama nimeifunga, na wewe ndiye utakayeendesha. Siwezi. Nichekeni mkitaka, lakini siwezi."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliinuka, akakishika kiti chake, akasimama nacho bila kujua aende au abaki. Fundi Spana alisubiri, macho yakiwa kwenye ile boliti, na jasho likimteremka masikioni.

Alichosikia kilikuwa pumzi. Binti yake alikuwa ameshusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua ndoo kichwani, kisha akakaa chini kabisa kwenye vumbi na nguo zake safi.

"Baba," akasema, "hili gari lina kilomita elfu mbili na mia tatu."

"Najua."

"Unajua?"

"Ishirini na tatu kwenda, ishirini na tatu kurudi. Unadhani barabara ile nimeisahau? Na hicho kitenge chako, jua gani linapiga kivulini?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Binti akaanza kucheka na kulia pamoja. "Siku ileile niliyolichukua waliniambia, likiguswa nje ya karakana yao waranti basi. Mimi nilikuwa na furaha tu, nikaja hapa nikaapa mbele ya watu! Nikasema sasa nitamwambiaje? Ulilizunguka mara tatu, ukanusa hata injini. Ningekunyang'anyaje? Kila ukiniuliza tumefika wapi nilitamani ardhi ipasuke."

Fundi Spana alilisikiliza hilo mara mbili moyoni. "Kwa hiyo hukujua habari ya vidole?"

"Ningejua ningenyamaza, Baba? Mimi?"

Hakuwa amejua. Hakuwa anamwonea huruma. Wiki nne alizokuwa akijitafuna kumbe mtoto alikuwa akimwogopa, kama alivyokuwa akimwogopa zamani alipovunja kioo. Kicheko kilimtoka Fundi Spana kwa nguvu, akainua kichwa, akakigonga kwenye chuma, akacheka zaidi. Hakukumbuka lini kifua chake kilikuwa chepesi hivyo.

"Tokeni huko chini!" mkewe alikuwa ameshafika, mikono kiunoni. "Wiki kumi! Mmenifanya mjinga wiki kumi nzima, mmoja anaficha vidole, mwingine anaficha kilomita! Na hii oili yangu nikaangie nini?" Lakini sauti ilimkatika katikati, akageuka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Miaka miwili nakusugua mgongo kwa dawa," alisema. "Mgongo mzima! Mwanaume wewe!"

"Ulikuwa unanipoza," akasema Fundi Spana kutoka chini.

Mwalimu alikohoa. "Basi jamani, kumbe ni elfu kumi. Mpwa wangu—"

"Wala si elfu kumi!" Fundi Spana alijivuta nje kwa kasi ambayo mgongo mbovu usingeweza. "Soma kitabu, chini ya ukurasa, maandishi madogo. Vumbi, safari fupi, milima: gawa kwa mbili. Elfu tano, au miezi sita, kimojawapo kikitangulia. Tena kwa wakala, na muhuri."

"Ulisoma kitabu, Fundi?"

"Nilisoma," akakiri, na hata hilo halikumwua. "Elfu tano, mwanangu. Nitakuja na wewe nimwangalie huyo fundi wao. Nikiona anaanza na spana, nitamtoa huko chini kwa miguu. Na Jumatatu, ukipita kwa muuza maziwa, unishushe hapo. Nina neno naye."

"Nitakushusha," binti akasema.

Mwalimu aliaga, akarudi kwake na kiti chake. Mama akabeba dumu la oili kulirudisha dukani, akinung'unika njia nzima mpaka getini. Gari lilishushwa, boliti yake ikiwa haijaguswa. Fundi Spana alikaa kwenye ngazi ya kibaraza, amechoka, uso umepakwa vumbi, anatabasamu peke yake.

Binti yake akaja akakaa pembeni. Hakuwa anatabasamu tena. Alikuwa na uso wake wa kazini. "Lete mkono," akasema.

"Wa nini?"

"Lete, Baba. Fumba macho. Nikikugusa unaniambia."

Akafumba. Alisubiri. Alisubiri muda mrefu, akadhani bado hajaanza, kisha akasikia pumzi ya binti yake ikibadilika, akaelewa kwamba ameshapita kidole cha kwanza, na cha pili, na cha tatu. Alitamani kudanganya, mara moja tu, ya mwisho. Akajizuia.

"Hapo," akasema ghafla. "Hapo nasikia."

"Wapi?"

"Kidole gumba. Pembeni, karibu na kucha."

"Na hapa?"

"Hapo pia. Kidogo. Hapo zaidi. Hapo, mwanangu, unaniumiza!"

Binti yake aliendelea kukibana, machozi yakimtiririka, na Fundi Spana hakuuondoa mkono.